Kiingereza cha Karatasi za Karanga

Walisema sitaweza. Niwataje kwa zamu, maana maneno yao niliyatunza yote na hakuna hata moja lililooza.

Mwalimu wangu wa Kiingereza alisema mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu ni tenga, ukimimina maji yanapita. Mwenye duka la pembejeo pale Mgeta aliwaambia wateja wake kwamba siku nikifaulu Kiingereza yeye atakunywa dawa ya viwavi. Na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye sauti juu ya shamba na juu ya watoto wa dada yake, alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi kuliko yote: "Mpwa wangu, kuna watu wa Kiingereza na kuna watu wa karoti. Wewe ni wa karoti. Wala si aibu."

Leo nina diploma ya kilimo. Imo kwenye fremu, ukutani, ndani ya duka langu mwenyewe, na nimeitundika mahali ambapo mtu akija kununua mbegu ataiona kabla hajaniona mimi. Atakayesema najisifu, ndiyo, najisifu. Nilipohitaji kusifiwa hapakuwa na mtu.

Nilimaliza darasa la saba kwa Kiswahili na nilikuwa wa pili shuleni. Nikaingia kidato cha kwanza, ghafla kila kitu ni Kiingereza: biolojia, historia, hata tangazo la kufagia uwanja. Mtoto aliyekuwa anajibu maswali kwa kujiamini akawa bubu ndani ya wiki moja. Mwalimu wetu alikuwa na dawa yake. Kila Jumatatu aliandika maneno thelathini ubaoni, yamepangwa wima, moja chini ya jingine, bila sentensi. Tunanakili. Ijumaa tunayatapika. Jumatatu yanakuja mengine.

Siku moja nilinyoosha mkono. "Mwalimu, neno hili linatumika wapi?"

"Linatumika kwenye mtihani," alisema, na darasa likacheka, nami nikala fimbo mbili za kupoteza muda.

Kamusi ilikuwepo. Sitaki mtu aje kuniambia habari za shule maskini. Kamusi ilikuwepo, nene, jalada jekundu, na ilikaa ndani ya kabati la ofisi lenye kufuli ili isichafuke. Miaka minne nimeiona kupitia kioo. Haikuchafuka, na sisi tulifeli. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kiingereza changu kilikuwa F, na F hiyo iliburuta masomo mengine kama mtu anayezama anavyomvuta mwenzake. Watu huniambia nisamehe, mambo yamepita. Yamepita kwao.

Nikarudi kwenye karoti. Tulikuwa tunaziosha mtoni, mama yangu, mama zangu wadogo na mimi, tunazikanyagakanyaga majini mpaka udongo utoke, halafu tunapanga kwenye matenga kungoja lori la kwenda Dar. Njia zetu za milimani ni nyembamba na zimesimama. Mtu akianza kuteremka ng'ambo ya bonde unamwona robo saa nzima kabla hajafika. Hapo ndipo palikuwa na mchezo wetu, na mchezo huo sijauona mahali pengine: tunabashiri huyo anayekuja ni nani na anafuata nini, na akikosea mtu anaongezewa tenga la kuosha.

"Yule mgeni," anasema mmoja.

"Mgeni gani? Mbona mbwa wa katekista hajambwekea?"

"Ana kuku mkononi na hana jembe."

"Basi ni mkwe, anakwenda kuomba radhi kwa wakwe."

"Usiamini kuku," anasema mama yangu bila kuinua kichwa. "Kuku anaweza kuwa wa wizi. Ngojeni tuone ameshika njia ipi pale kwenye mgomba, na nani anamsalimu."

Tunangoja. Anashika njia ya chini, bibi mmoja anatoka mlangoni kumpokea mzigo, na hapo ndipo mama hutamka. Sikumbuki akiosha tenga la ziada.

Msimu huo huo, siku moja, nilinunua karanga kwa mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Gairo. Alikuwa anauzia pale lori linapopakia, na karanga zake alizifunga kwenye magazeti ya zamani yaliyotoka ofisi gani sijui huko mjini, mengine ya Kiingereza. Nilikula, nikakunjua karatasi kwa mazoea tu. Ilikuwa habari ya mahakamani, ugomvi wa mpaka wa shamba. Shahidi aliitwa mara tatu. Gazeti likasema shahidi huyo alikuwa "reluctant". Neno hilo liliwahi kukaa ubaoni, namba kumi na saba au kumi na nane, na nililitapika Ijumaa bila kujua ni mnyama au mti.

Sasa nikalitazama kama tunavyomtazama mtu anayeteremka ng'ambo. Limebeba nini? Shahidi ameinamisha kichwa. Amesema ana mtoto mgonjwa nyumbani. Ameomba maji ya kunywa. Mwishowe askari kamshika mkono ndipo akasimama.

"Hataki!" nilipiga kelele, miguu ikiwa ndani ya maji. "Anakuja, lakini hataki!"

"Nani?" mama akauliza, akitazama njiani.

Nilitaka kulia, si kwa furaha. Nilitaka kulia kwa hasira. Kumbe ilikuwa rahisi hivi? Kumbe neno ukiliacha na wenzake linajieleza lenyewe, na mtu mzima mwenye mshahara alikaa miaka minne akiyang'oa maneno kutoka kwa wenzao na kutupiga kwa ajili yake?

Karatasi ilikuwa imekatwa pale shahidi alipofungua mdomo. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa yule mama wa karanga.

"Shikamoo mama. Natafuta kipande kilichobaki cha gazeti hili."

"Marahaba. Wewe unanunua karanga au unanunua takataka?"

"Naomba kuazima hayo magazeti. Nitayasoma, nitarudisha."

Alinitazama sana. "Mimi hata herufi a sijui. Chukua kumi. Ila nakuazima, sikupi, umenisikia? Yakipungua nitafungia karanga viganjani mwako."

Nilikwenda kwa mjomba siku hiyo hiyo kumwambia nataka kurisiti, kuurudia mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa na watu wawili wamekuja kwa maneno ya shamba, na alinijibu mbele yao. "Nakukopesha msimu mmoja. Shamba lako la juu watalima binamu zako. Ukifaulu, nenda. Ukifeli, kalamu inalala chini, unashika jembe, na sitaki kusikia tena Kiingereza katika nyumba hii. Na msimu wangu utanirudishia vyovyote itakavyokuwa." Wale watu wawili wakatikisa vichwa kuafiki. Nikawa na miezi tisa.

Nilikuwa na wakopeshaji watatu wa karatasi. Mama wa karanga. Nesi wa zahanati, aliyeniazima zile karatasi zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kwa sharti nisizikunje vibaya. Na mwenye duka la pembejeo, yule yule wa kunywa dawa ya viwavi, aliyeniruhusu kusoma vibandiko vya chupa akinicheka. "Profesa kaja," aliwaambia wateja. "Mpisheni profesa asome sumu." Nilisoma. Wao walinunua bila kusoma, yeye aliuza bila kusoma, na kibandiko kilikuwa kinasema wazi kwamba kabichi zisivunwe mpaka zipite siku kumi na nne baada ya kupuliziwa. Nilipomwambia, alisema lori haliwezi kungoja kibandiko.

Nilikuwa na daftari na penseli. Neno jipya naliandika, natazama lililoko mbele yake na lililoko nyuma yake, natazama kama sentensi inasifu au inalaumu, kama linafuatiwa na mfano, kama kuna neno "lakini" linalogeuza mambo. Naandika ninavyodhani. Halafu siliamini. Sheria ya mama yangu: mpaka nilikute mara tatu, kwenye karatasi tatu tofauti, ndipo nalipigia mstari kwa wino.

Sheria hiyo iliniokoa. Karatasi moja ya nesi ilisema mtoto akiwa "lethargic" arudishwe zahanati haraka. Nikaandika: mwenye homa kali. Nilikuwa na hakika, maana ni nini kingine kinachomrudisha mtoto zahanati? Wiki mbili baadaye gazeti likalalamika kwamba maofisa wa idara fulani ni "lethargic" na mafaili yanalala mezani mwaka mzima. Nikakaa na maofisa wangu wenye homa. Haikuingia akilini. Mara ya tatu nilikuta habari ya ng'ombe wakati wa ukame, wamelala tu, hata nzi hawawafukuzi. Nikafuta homa. Amelegea. Mtoto amelegea, maofisa wamelegea, ng'ombe wamelegea. Yule kuku kweli alikuwa wa wizi.

Kufikia mwezi wa saba daftari lilikuwa limejaa na la pili limeanza. Maneno mia kadhaa, na hakuna hata moja nililopewa na mwalimu.

Chumba cha mtihani kilikuwa mjini Morogoro. Karatasi ya ufahamu ilikuwa na habari ya mto uliohama njia yake, na maneno manne yaliyopigiwa mstari. Sikuwa nimeyaona maishani mwangu. Vijana wawili jirani yangu, waliotoka kwenye masomo ya jioni ya kulipia walikokariri orodha nene kama matofali, walianza kutazama dari. Mimi nilianza kutazama njia. Nani anatoka mlangoni kukupokea? Umebeba nini? Mbwa amebweka? Nilijibu yote manne, na nilitoka nimenyoosha shingo, na matokeo yalipokuja sikushangaa. Walioshangaa ni wengine.

Chuoni nilichekwa upya. Maneno niliyajua kwa macho, sikuwahi kuyasikia, kwa hiyo niliyatamka kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, na watoto wa shule za Kiingereza wakaanguka kwenye viti. Nikawaacha waanguke. Zamu ya kuandika ripoti ilipofika, walihamia kwangu na madaftari yao, mmoja mmoja, wakiwa na adabu. Niliwasaidia. Sikuwaambia pole.

Nilifanya kazi Dar miaka michache, kisha nikarudi. Wengi wakirudi huja kuonekana Idi au Krismasi na kuondoka. Mimi nilirudi kulipa.

Mwaka huo sikufungua duka kwanza. Nilipanda mlima hadi lile shamba la juu, nikashika jembe, nikalima karoti msimu mzima kwa mikono yangu, diploma ikiwa ndani ya sanduku. Watu walipita wakisema: si mnaona, kilimshinda, karudi palepale. Nilikaza mpini. Nilikuwa na hasira inayotosha kulima heka mbili.

Siku ya lori kupakia, nilianza asubuhi zahanati. Nesi alikuwa karibu kustaafu. Nilimkabidhi daftari: karatasi zote alizoniazima, nimeziandika kwa Kiswahili chepesi, kila dawa ukurasa wake. Alifungua, akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, akasema, "Na hukuzikunja vibaya." Nikapita dukani. Nilimpa mwenye duka vibandiko vya Kiswahili vya kila chupa iliyokuwa rafuni, na cha juu kabisa kilikuwa cha dawa ya viwavi. "Hiki soma kabla hujanywa," nilimwambia. Wateja walicheka, safari hii si kwangu.

Kwenye lori, matenga yote ya msimu yalipakiwa kwa jina la mjomba. Alikuwepo, amekuja na fimbo yake.

"Shikamoo mjomba. Msimu wako huu hapa."

"Marahaba. Nilidhani umesahau."

"Mimi sisahau."

Mama wa karanga alikuwa palepale, na beseni lake. Nilimshushia furushi la magazeti lililofika kiunoni. Hata hakuligusa. "Kumi nilikupa," alisema. "Ulirudisha tisa."

Alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa amehesabu. Niliona haya mara moja tu siku ile, na ni hapo. Nilifungua mkoba, nikatoa ukurasa wenye mwisho wa habari ya shahidi, niliokuwa nimeukuta kati ya yale kumi na kuuficha kwenye bahasha moja na cheti changu. Nilimpa. Aliukata katikati, akaukunja pembe, akajaza karanga, akamkabidhi mjomba.

"Wanasema nini hapa?" mjomba akauliza, akigeuza karatasi.

Nilikuwa nimengoja miaka ili nimjibu: soma mwenyewe. Badala yake nilimsomea. Shahidi aliitwa mara tatu, hakutaka kusema, mwisho akasema aliyehamisha mpaka ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Alijua siku zote?"

"Alijua."

Lori likawashwa. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anazigeuzageuza karanga kiganjani bila kula. Alisema koo limemkauka, akamwomba mama yule maji. Miguu yake ilielekea njia ya nyumbani, lakini haikuondoka. Nilimtazama, na sikuhitaji kamusi: ana neno la kuniambia, anakuja, lakini hataki. Nilikunja mikono, nikangoja, kwa sababu siku hiyo sikuwa nadaiwa na mtu yeyote.