Namna ya Kulikunja Jani

Mwenye mgahawa ninaokula hapa Sanyuanli, ambaye sisi wafanyabiashara wageni sote humwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, huniuliza kila mchana kwa kidole kimoja: uko peke yako? Naitika. Leo aliniletea wali uliofungwa kwenye jani la yungiyungi. Alipoufungua, mvuke wa lile jani la moto ukanipanda puani kabla sijashika kijiko.

Nilikuwa mdogo, kwenye mji mdogo wa kusini mwa India, tulikompeleka mama apasuliwe moyo. Siku ya operesheni, bibi mwenye nyumba tuliyopanga alitukalisha mkekani, akatupakulia wali na mchuzi wa dengu juu ya majani ya mgomba. Baba hakugusa chake. Mimi nilikula nikamaliza, kisha nikaona ni adabu kuficha mabaki, nikalikunja jani langu kwenda mbele.

Yule bibi akaguta. Akainama, akalifungua jani, akalikunja upya kuja kwangu, huku akimweleza baba kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Baba akanigeukia. "Kulikunja kwenda mbele ni kwa chakula cha matanga. Na mamako yuko chumba cha upasuaji, mwanangu."

"Sikujua, baba."

"Najua."

Jioni tuliitwa hospitali kuuaga mwili wa mama. Njia nzima baba hakunishika mkono.

Wali wa laoban nimeumaliza. Jani nimelikunja kuja kwangu, nikaweka kikombe cha chai juu yake, lisije likafunguka.