Kifuniko cha Chupa ya Jamu

Umeme ukikatika hapa mjini mimi huwasha tochi ya simu. Mshumaa siutaki, kwa ile harufu yake unapozimwa. Leo jirani kauzima wake dirishani, na harufu ikanifuata hadi jikoni.

Kule juu Uluguru, kila Siku ya Marehemu ilipokaribia, mimi na bibi tulitengeneza taa za makaburini kwa chupa za jamu. Tuliziloweka mpaka lebo zikabanduka, tukazibandika karatasi za pipi, nyekundu na kijani, kwa uji mzito wa muhogo, kisha ndani tukasimamisha kipande cha mshumaa.

Mwaka ule mama alikuwa kitandani, anapumua kwa shida. Dirisha lake lilikuwa limefungwa siku nyingi, ukungu usimwingie kifuani. Tukamwacha na mama mdogo, tukapanda makaburini.

Upepo ulikuwa mkali. Niliihurumia taa ya babu, nikaifunga kwa kifuniko chake. Mwali ukanywea, ukafa, chupa ikajaa moshi.

"Bibi, imezimika! Na upepo haujaingia!"

"Umeifunga, itapumulia wapi? Moto nao unataka hewa, mjukuu wangu."

Nikateremka mlima mbio, chupa mkononi, nikalifungue lile dirisha la mama.

Nilikuta limeshafunguliwa. Mama mdogo na majirani walikuwa wanatoa viti nje na kutandika mikeka, na hakuna aliyeniuliza ile taa ni ya nani.