Nyota za Penseli za Papa Casimir

Nyumbani kwa mama Alphonsine, mjini Likasi, kitabu kilichokuvusha mtihani hukitunzi. Unampa anayekihitaji baada yako, siku ileile ya matokeo, poda ya pongezi ikiwa bado kichwani. Na anayepokea hupewa na kifutio, maana alama zote za aliyetangulia hufutwa. Kila mtu asome kwa jasho lake. Fidélie alikipata kitabu chake cha ukunga kwa sheria hiyohiyo, kutoka kwa dada yake Anne.

Ilipofika zamu yake ya kufaulu na kukitoa, ua ulijaa watu. Majirani walimmwagia poda mpaka nyusi zikapotea, mashangazi wakapiga vigelegele. Mara Fidélie akaponyoka, akaingia chumbani, akafunga mlango na kukikumbatia kitabu.

Pembezoni mwa kurasa kulikuwa na nyota ndogo za penseli. Ni za baba yake, marehemu Casimir. Kila jioni, Fidélie akisonga bukari, ugali wa nyumbani, baba alirudi kutoka kiwandani, vumbi bado limo masikioni, akakaa kwenye kibao na kumsomea kwa sauti. Mifupa ya nyonga, hatua za uchungu, Kifaransa cha madaktari ambacho mwenyewe hakukielewa. Alikitamka polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila alipoishia aliweka nyota. Wakati ule Fidélie aliona ni jambo la kawaida, mzee anamsaidia tu. Sasa alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Nyota zilifika mpaka mwisho. Kumbe mtu huyu alikisoma kitabu kizima! Kitabu kinene kama tofali, juu ya jambo ambalo wanaume wa rika lake hutoka nje likitajwa, na hakuuliza hata siku moja litamfaa nini yeye.

Mlango ukagongwa.

"Yaya Fidélie! Unajificha na buku yangu?" Ilikuwa sauti ya Deborah, binti wa shangazi aliyemwita yaya, dada mkubwa, na aliyeanza masomo ya ukunga mwaka huo. "Weye sasa ni madame, utuachie siye!"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Toka, poda inamwangika yote na batu habayakuona bado!"

Nje watu wakacheka. Deborah akasukuma mlango, akaona uso wa dada yake, kisha akaona nyota. Utani ukamwisha.

"Ni ya papa Casimir?"

"Ni ya papa."

"Basi piga photo na telefone, yaya. Ao chunga tu, ibakie yako. Minye nitatafuta ingine."

Fidélie alijua kwamba hakuna nyingine. Deborah alikuwa akisoma kwa kuazima, saa moja kwa huyu, saa moja kwa yule.

Mama Alphonsine alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Angeweza kulegeza sheria, maana aliyefariki alikuwa mume wake. Akasema tu:

"Casimir alisoma ile buku juu mutoto apite. Mutoto amepita."

Fidélie akakitoa. Picha hakupiga. Wapo watakaosema huo ni ukaidi, lakini kutoa huku umejibakizia si kutoa, na yeye alilielewa hilo kuliko wanaosema. Deborah alishika kifutio, asithubutu kugusa karatasi. Ndipo Fidélie akamnyang'anya kifutio, akaketi kitandani akaanza mwenyewe, nyota ya kwanza, ya pili, poda ikimdondokea kurasani, na Deborah akiipuliza polepole kila alipofunua.

Leo Fidélie anazalisha kina mama huko Kapolowe, na Deborah anajiandaa kwa mtihani. Casimir hakuwahi kumwandikia binti yake kitu kingine chochote. Zile nyota ndizo pekee, na hazipo tena.