Ripoti Yangu Kuhusu Kifaru

Naandika haya ili kumbukumbu zikae sawa. Wakati wa vita nilikuwa karani mstaafu na balozi wa nyumba kumi hapa Tabora. Siku moja, kwa mpiga picha, niliona picha alizopiga Sefu, fundi cherehani wa mtaa wetu: kifaru na malori ya jeshi yakipita msituni. Nilipigwa na butwaa, maana kupiga picha za jeshi ni kosa la kufungwa. Niliandika ripoti ya kurasa tatu, pamoja na makadirio ya uzito wa kifaru, nikawaongoza mgambo hadi kwake.

"Shikamoo, balozi," alisema Sefu.

"Marahaba. Kifaru kiko wapi?"

Mkewe alicheka hadi akaketi chini, kisha akatupeleka uani kwenye tuta la mchicha. Chini ya majani kilisimama kifaru na malori yake, vyote vimeundwa kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, ambavyo Sefu aliletewa na kaka yake kutoka masomoni Ulaya. Mchicha ule ndio uliokuwa msitu wangu.

Kamanda wa mgambo alikiokota kifaru, akakiweka kiganjani mwangu, akafungua ripoti.

"Balozi, hapa umeandika tani thelathini na sita. Hebu tupimie."