Proksi Chumbani kwa Meneja

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naandika programu ya kuhifadhi vipimo vya maji ya visima, katika ofisi ndogo ya mradi mjini Embu. Mwenzangu tuliyeiandika naye alikuwa mjini Meru. Kila badiliko tulilofanya, la programu au la vipimo, lilitunzwa na CVS, programu ya kuweka historia ya mabadiliko, kwenye kompyuta ya mbali, pamoja na jina la aliyelifanya na maelezo yake mafupi.

Siku moja CVS ikakataa kuunganishwa. Fundi wa mtandao akaniambia kwamba sasa mawasiliano yote yanapitia proksi, kompyuta mpya iliyowekwa chumbani kwa meneja. Akanionyesha anwani na namba ya kuingiza kwenye mipangilio. Ilipokubali nilifurahi, lakini yeye hakutabasamu.

"Dada, chunga unachoandika," alisema kwa sauti ya chini. "Pale kila kitu kinasomeka."

Mchana huo niligundua kwamba vipimo vilivyoonyesha uchafu katika kisima kimoja cha kijiji cha Karurumo vimefutwa. Nikavirudisha, nikaandika kwenye maelezo ya badiliko: "Maji haya si salama, watu waambiwe."

Asubuhi yake meneja alinisimamisha mlangoni. "Habari, madam," alisema kwa upole. "Kwa hivyo watu waambiwe?"

Nilipofungua programu, vipimo vilikuwa vimefutwa tena, kwa jina langu. Paswadi yangu nayo ilikuwa imepitia chumbani kwake.

Nilichapisha rekodi yote ya mabadiliko, ambamo vipimo vilivyofutwa bado vilionekana, nikaipeleka Karurumo kwa mwalimu mkuu wa shule iliyotumia kisima kile. Wiki hiyo wazazi walikifunga. Mimi nikaambiwa nisirudi kazini.