Kioo Nyuma ya Salhiya

Wanawake wa Mji Mkongwe walimpenda Muzdalifa wa Chukwani kwa jambo moja: kamera yake haina mdomo. Harusini simu zote hukusanywa mlangoni, mabuibui yakavuliwa, watu wakacheza watakavyo, na mpiga picha ni yeye peke yake. Waimbaji wa taarab nao humtaka yeye kwa majalada ya albamu, maana anajua kumkalisha mtu penye mwanga akapendeza.

Juzi alimpiga picha Salhiya, msichana anayetoa albamu yake ya kwanza, nyumbani kwa shoga yake Nadra, mtaa wa Malindi. Msabah, mume wa Nadra, aliwaachia chumba cha juu kwa sharti: mkewe asionekane, hata ukucha.

"Wallahi haonekani," Muzdalifa akamwambia.

Leo baada ya alasiri, Salhiya ameshalirusha jalada kila mahali. Muzdalifa akalikuza kwenye simu apate kujisifu. Akatazama uso, akatazama vito, akatazama kioo kikubwa cha ukutani. Mtume! Ndani ya kioo alisimama Nadra, kanga kifuani, nywele zimemwagika mabegani, sahani ya visheti mkononi.

Miaka tisa ya kupiga picha harusini imemzoesha kuwaona wanawake vichwa wazi, hata jicho lake halishtuki tena. Ndiyo maana hakumwona. Akampigia Salhiya.

"Lifute! Lifute sasa hivi!"

"Nshalituma makundi kumi na moja, da Muzda. Kwani kuna nini?"

Simu ya Nadra iliita bila kupokewa. Mara ya tano ikazimwa. Hapo Muzdalifa akaogopa hasa, kwa sababu Msabah si mtu wa maneno mengi. Mkewe wa kwanza alimpa talaka kwa neno moja tu. Muzdalifa akadandia bodaboda, roho mkononi, njia nzima akimwomba Mungu.

Malindi alifunguliwa mlango na Nadra mwenyewe, macho mekundu, buibui ameshavaa, begi liko miguuni.

"Msabah anasema nilijionyesha makusudi," akanong'ona. "Mwambie wewe. Mimi haniamini."

Muzdalifa alitamani kugeuka akimbie. Lakini akaingia sebuleni. Msabah alikaa na mama yake, Bi Kidawa, simu katikati yao.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba." Kavu kabisa.

"Msabah, kosa ni langu. Nadra alitupitishia visheti tu, mie nlimwambia haonekani. Kioo sikukitazama. Nakuomba, usimwache."

Msabah akaichukua simu, akaitazama tena sahani ya visheti kwenye kioo. Kisha akaita, "Nadra! Rudisha begi ndani."

Alhamdulillahi! Muzdalifa akataka kulia. Lakini Bi Kidawa alikuwa hajamwondolea macho.

"Hukutazama," akasema polepole. "Na harusi ya binti yangu, nlipovua buibui nkacheza mbele yako? Na za wenzangu, miaka yote hiyo? Picha hizo nazo, kabla hujazituma, ulitazama nani yuko nyuma?"

Muzdalifa alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka hata moja aliyoitazama.