Oddný na Neno Lililogoma Kuvuka

Kwa miaka mingi Oddný ndiye aliyekuwa akiamua watu wa sinema wamesema nini. Mabwana wa Marekani na mabibi wa Uingereza walifunua vinywa kwenye televisheni, naye, akiwa ameketi kwake Húsavík, mji mdogo wa Aislandi, na soksi zake za sufu, akawaandikia Kiaislandi chini ya picha. Maneno yale yalikaa kwenye kioo kwa kupepesa jicho, yakayeyuka. Hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha dukani akamwambia, "Lile neno la jana, dada, limenikosesha usingizi!"

Kiingereza alikiokota ujanani, jikoni mwa hoteli moja ya Edinburgh alikokwenda kuosha vyombo. Kilichomshangaza kule si mvua wala chakula, bali jinsi watu walivyogawa mapenzi ovyo. Muuza mkate alimwita kipenzi. Kondakta wa basi alimwita mpenzi, kisha akamdai nauli. Kwao Oddný, kwenye shamba la kondoo, baba alimtamkia mama kwamba anampenda siku moja tu, na mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Ndiyo maana kila Mmarekani alipomaliza kuzungumza kwenye simu kwa kusema "nakupenda," Oddný aliandika "haya, kwaheri." Angeandika lilivyo, watazamaji wangedhani kuna mtu anaelekea kufa.

Basi majira hayo ya baridi, Hrefna, mwenye duka la dawa na mwongozaji wa kikundi cha maigizo cha mjini, alimletea mchezo wa Kiingereza autafsiri. Ulikuwa mchezo wa watu wawili tu, mume na mke waliokaa pamoja mpaka wakachuja. Oddný alihisi moyo ukimwenda mbio kama msichana. Kwa mara ya kwanza maneno yake yangesemwa na mdomo wa mtu aliye hai, mbele ya watu wanaopumua! Alifanya kazi ile akitembea huku na huku chumbani, akisema kwa sauti ya mke, kisha kwa sauti ya mume, mpaka Ketill, mumewe, akapanda kutoka karakana yake ya chini kuuliza wageni ni nani.

Mchezo ukaisha kutafsiriwa, mazoezi yakaanza. Mchana mmoja simu ikalia.

"Oddný, njoo sasa hivi," alisema Hrefna. "Watu wangu wanacheka pasipochekwa."

Alikwenda. Jukwaani walikuwa Dýrleif, mwalimu wa kuogelea, aliyecheza mke, na Torfi, dereva wa lori la samaki, aliyecheza mume, bwana Harold. Hrefna akapiga makofi wairudie sehemu ile. Dýrleif akavuta pumzi, akamtazama Torfi kwa uchungu wa kweli, akasema:

"Tuko karibu, Harold. Lakini baina yetu hakuna ukaribu."

"Basi nisogee?" akauliza Torfi, akisogeza kiti.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dýrleif akajifunika uso kwa shali, mabega yakimtetemeka.

Oddný alijua hapo hapo mtego ulipo. Mwingereza ana maneno mawili. Moja ni la watu kuwa karibu. La pili, "intimacy," ni lile la ndani zaidi, la watu wasiofichana kitu, wanaoshikana nafsi kabla ya mikono. Kiaislandi kina neno moja tu la kubeba yote mawili, nánd, na neno hilo hilo hutumika hata kwa gari lililoegeshwa karibu na ukuta. Alikuwa amelipitisha mara mia kwenye televisheni na hakuna aliyeona. Jukwaani limemvua nguo.

"Tuliache la Kiingereza," akasema Hrefna. "Vijana wote wanalijua."

"Thubutu!" Oddný aliruka. "Mke amekaa na mumewe umri mzima, amwage roho yake kwa neno la kukodi? Nipe siku chache."

"Tunafungua Jumamosi, dada."

"Basi nipe hizo zilizopo."

Akaenda walikokwenda watu wote wa mji wakiwa na shida, yaani kwenye bwawa dogo la maji ya moto kando ya bwawa la kuogelea. Theluji ilikuwa ikiwaangukia vichwani, na chini ya shingo walikuwa wanaiva kama viazi. Oddný akatoa shida yake, na kabla hajamaliza, bwawa lilikuwa limegawanyika makundi.

"Sema joto," alipendekeza mama mmoja mnene. "Baina yetu hakuna joto."

"Atadhani chuma cha kupashia nyumba kimeharibika," akajibu mzee wa kondoo aliyekaa mkabala naye. "Tumia lile la kwenye vijitabu vya zahanati."

"Hilo ni la kitandani, wewe mzee!"

"Sasa kwani wanagombania nini hao?"

"Wanagombania kuongea!"

"Ah. Basi mchezo wenyewe ni mgumu," mzee akasema, akazama mpaka kidevuni.

Wakatupa maneno mengine. Moja lilinuka kanisa. Jingine lilikuwa la siri za ofisini. Oddný alitoka majini mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, hana neno, lakini damu ikimchemka kwa furaha. Miaka yote ile alikuwa amefanya kazi peke yake, na sasa watu wazima wenye nguo za kuogelea walikuwa wametukanana kwa ajili ya mstari wake mmoja!

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa mezani na vazi la jana, nywele zimesimama, akisema peke yake, wakati mlango wa mbele ulipofunguka bila kugongwa. Alikuwa Steinvör, jirani, mjane aliyewahi kupeleka barua za mji mzima. Aliingia na theluji yake kwenye viatu, akavivua, akafungua kabati, akachukua kikombe anachokipenda, akajimiminia kahawa. Kisha akamtazama Oddný kuanzia juu mpaka chini.

"Umelala na hiyo nguo?"

"Niache, Steinvör."

"Sikuachi. Unanuka wasiwasi. Kula." Akamsukumia sahani ya andazi lililosokotwa, ambalo Oddný mwenyewe alikuwa amelificha nyuma ya unga ili Ketill asilione.

Ketill naye akatokea ngazini, mikono imejaa mafuta. Akaona viatu mlangoni.

"Kumbe heimagangur wetu ameshafika," akasema. "Kahawa imebaki?"

Oddný alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Umesema nini?"

"Nimesema kahawa..."

"Kabla ya kahawa!"

"Heimagangur." Ketill akarudi nyuma ngazi moja. "Nimekosea? Si ndivyo alivyo?"

Ni neno la zamani la mashambani, kila mtoto wa Aislandi analijua. Ni mtu anayeingia kwako bila kupiga hodi, anayejua vikombe vilipo, asiyengoja kukaribishwa kwa sababu alishakaribishwa siku nyingi. Oddný alimshika Steinvör mashavu, akambusu paji la uso, akatoka mbio na ndara za nyumbani, theluji ikimfika vifundoni.

"Huyo ana homa," alisema Steinvör.

Duka la dawa lilikuwa limejaa watu wenye mafua. Oddný aliwapita wote.

"Hrefna, sikiliza! 'Tunaishi nyumba moja, Harold. Lakini kwangu mimi hujawahi kuwa heimagangur.'"

Hrefna aliweka chupa ya dawa chini polepole. "Sema tena."

Akasema tena. Mwanamume mmoja kwenye foleni akaacha kukohoa.

"Mke wangu asije akaniambia hivyo," akasema. "Bora anitukane."

Hata hivyo Torfi hakulipenda. Kwenye mazoezi alikuna kichwa. "Dada, hilo ni neno la majirani. Hata paka wa watu tunamwita hivyo. Nikiitwa hivyo mbele ya mji mzima, watacheka kuliko kwanza."

"Huitwi hivyo, Torfi," alijibu Dýrleif. "Unanyimwa."

Torfi akarudi kwenye nafasi yake, lakini Oddný alibaki na hofu. Wakati mwingine neno linapendeza dukani na kufia jukwaani.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Oddný alikaa kati ya Ketill na Steinvör. Mstari ulipokaribia alifumba macho. Akamsikia Dýrleif akiusema, si kwa nguvu, kama mtu anayetaja jambo alilolijua siku nyingi.

Hakuna aliyecheka.

Torfi alitakiwa kujibu papo hapo. Hakujibu. Oddný akafumbua macho, akidhani kasahau, akaona yule dereva wa lori amekitazama kiatu chake, taya likimcheza. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wa nyuma wakainama mbele wamsikie. Mahali fulani gizani mwanamke alipenga kamasi, kisha wa pili, kisha mzee wa kondoo, kwa kishindo.

"Hilo ni la kwangu," Ketill akanong'ona, ila mnong'ono wake ulifika safu nne. "Mimi ndiye niliyelisema."

"Wewe ulilisema," alijibu Steinvör kwa sauti ile ile. "Mimi ndiye lenyewe."

"Shhh!" walisema watu, na Oddný alicheka na kulia kwa pamoja, kifua kikimpanda kama aliyepanda mlima mbio.

Wiki iliyofuata alikuwa dukani akichagua samaki mkavu, msichana wa kaunta alipomsimamisha. Alikuwa amegombana na mchumba wake, akasema, akamwambia lile neno la kwenye mchezo, wakaongea mpaka chakula kikaungua.

"Mmepatana?" aliuliza Oddný.

"Bado. Lakini ameuliza vikombe vyangu viko kabati gani."

Oddný alilipia samaki, akaisahau chenji, akaenda nyumbani kumpigia Hrefna amletee mchezo mwingine, tena mgumu kuliko huu.